Mbio za magari juu ya barafu: Mokambo ina nini cha kujifunza?

Kila mwaka, kati ya Desemba na Machi, maziwa mengi ya Uswidi, Ufini, Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani huganda hadi gari linaweza kupita juu yake. Mwisho wa juma ukifika, fundi wa garaji, mwalimu wa shule na mkulima wa ng'ombe wanaleta magari yao ya zamani, wanavaa kofia ngumu na kushindana kwenye njia iliyochorwa juu ya barafu. Hakuna anayelipwa mshahara. Mshindi anapewa kikombe, anarudi nyumbani, na Jumatatu anaenda kazini kama wengine.

Mokambo haina ziwa la namna hiyo. Baridi ya Juni na Julai huuma katika territoire ya Sakania, lakini hakuna maji yanayogeuka jiwe na kubeba gari. Hata hivyo, watu wa nchi za barafu wamejibu swali ambalo sasa linabisha hodi kwenye mji huo wa mpakani: mwendo wa kasi ukifika, vijana wakiupenda, utawekwa wapi?

Lami inakuja, kasi inaifuata

Mokambo iko jimboni Haut-Katanga, kwenye kile kipande cha Congo kinachoingia ndani ya Zambia na ambacho wengi hukiita buti la Sakania. Ng'ambo ya mpaka kuna Mufulira, mji wa shaba. Kutoka Mokambo, barabara ya kilomita 70 hivi inakata udongo wa Congo hadi Chembe, kwenye mto Luapula, na Wazambia wanaitumia kwenda jimbo lao la Luapula bila kuzunguka mbali. Tangu daraja la Chembe lifunguliwe mwaka 2008 na pantoni kuachwa, safari hiyo imekuwa fupi zaidi.

Msongamano wa makamyo unapozidi Kasumbalesa, Mokambo na Sakania ndiyo milango mingine. Uzito wa milango hiyo ulionekana Agosti 2024, Zambia ilipofunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache, baada ya Congo kuzuia bia na vinywaji baridi kutoka nje. Upande wa Zambia, kazi ya kutengeneza barabara zinazofika kwenye mipaka hiyo imekabidhiwa sekta binafsi, na gharama zitarudishwa kwa ushuru wa njiani.

Kwa biashara hiyo ni habari njema. Lakini kwa miaka mingi, vumbi, mashimo na matope ndivyo vilivyokuwa polisi wa mwendo katika eneo hilo. Dereva alipunguza mwendo kwa sababu gari lingevunjika. Lami inapofika, polisi huyo anaondoka siku moja, na wa kuchukua nafasi yake si rahisi kupatikana. Aliyeona moto zikishindana usiku kwenye lami mpya mjini Lubumbashi, au msafara wa arusi ambao kila dereva anataka kuwa mbele, anajua kinachofuata.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilihesabu watu milioni 1.19 wanaokufa barabarani kila mwaka duniani. Ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29. Bara la Afrika, ambalo lina magari machache kuliko mabara mengine, ndilo lenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo ukilinganisha na idadi ya watu wake.

Barafu hupimwa kabla ya kukanyagwa

Mtu anayetazama picha za mbio za barafu anaweza kudhani ni wazimu: gari lenye uzito wa tani moja, juu ya maji. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla ya injini kuwashwa. Waandaaji wanatoboa barafu kwa kekee katika sehemu nyingi na kupima unene wake. Mwongozo unaotumika sana unataka sentimita 10 hivi kwa mtu anayetembea, na zaidi ya 20, hata 30, kwa gari dogo. Barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji hubeba uzito mdogo kuliko ile safi, kwa hiyo nayo hupimwa kwa hesabu nyingine. Kipimo kikipungua, mashindano yanaahirishwa, hata kama watu wamekwisha kununua tiketi.

Nchini Estonia, serikali yenyewe hufungua barabara za barafu juu ya bahari miaka ambayo baridi inatosha. Ile ya kwenda kisiwa cha Hiiumaa ina urefu wa kilomita 26 hivi. Sheria zake zinamshangaza mgeni: mikanda ya kiti hufunguliwa ili mtu aweze kutoka haraka, magari yanaachiana nafasi kubwa, na ni marufuku kwenda mwendo wa kati ya kilomita 25 na 40 kwa saa, kwa kuwa mwendo huo unaamsha mawimbi chini ya barafu yanayoweza kuipasua. Ni sheria za mahali pale, zilizotokana na kuujua udongo wa pale, ikiwa barafu inaweza kuitwa udongo.

Watu wa ukanda wa shaba hawahitaji kuelezwa sana maana ya ardhi inayoonekana imara kumbe sivyo. Tarehe 25 Septemba 1970, mabaki ya machimbo yaliyorundikwa juu ya mgodi wa Mufulira yaliporomoka na kuingia ndani, na wachimbaji 89 wakafa. Februari 2025, bwawa la mabaki ya mgodi lilipasuka karibu na Chambishi, pia Zambia, na sumu ikaingia mtoni hadi Kafue. Kwa hiyo somo la kwanza kutoka kwenye barafu linaeleweka Mokambo bila mkalimani: uwanja hauchaguliwi kwa macho. Eneo pana na tambarare karibu na mgodi linaweza kuonekana limeumbwa kwa ajili ya magari, na likawa mahali pa mwisho pa kuwapeleka vijana.

Kanuni ya bei

Somo la pili ni la pesa, na huenda ndilo kubwa. Wengi huamini kwamba mbio za magari ni mchezo wa matajiri, na kwa mbio za kulipwa ni kweli. Lakini Waswidi na Wafini wana aina ya mashindano ambayo jina lake kwa Kifini lina maana ya daraja la kila mtu. Wakati wa baridi hukimbiwa pia juu ya barafu na theluji.

Kanuni yake ni hii: kila gari lina bei moja iliyowekwa na chama, na bei hiyo ni ya chini. Baada ya mashindano, mshindani mwingine ana haki ya kuomba kununua gari lolote kwa bei hiyo. Wakiomba wengi, hupigwa kura ya bahati. Mwenye gari akikataa kuuza, ananyang'anywa leseni ya kushindana. Matokeo yake ni kwamba hakuna mtu mwenye akili atakayetia injini ya pesa nyingi katika gari ambalo kesho linaweza kuchukuliwa kwa bei ya chuma chakavu. Tajiri na kijana wa garaji wanaanza mstari mmoja, na anayeshinda ni yule anayejua kuendesha na kutengeneza.

Kanuni hiyo haiondoi masharti ya usalama. Hata gari la bei ndogo lazima liwe na fremu ya vyuma ndani ili paa lisimponde dereva, mkanda wa mashindano na kofia ngumu, na vioo vinavyoweza kumkata mtu huondolewa. Vijana wa miaka 15, ambao sheria bado haiwaruhusu kuendesha gari peke yao barabarani, wanaruhusiwa kushindana uwanjani chini ya usimamizi.

Linganisha na mashindano makubwa ya barafu ya Ufaransa, Trophée Andros, yaliyoanza mwaka 1990. Yalikuwa na madereva mashuhuri, televisheni na mwishowe magari ya umeme. Yalifungwa mwaka 2024. Vilabu vya vijijini vya Uswidi na Ufini, ambavyo havina nyota wala kamera, vinaendelea.

Katanga ina kitu ambacho kanuni hiyo inahitaji: magari ya zamani na mikono ya kuyafufua. Magari mengi yaliyotumika Japani yanashushwa Dar es Salaam, yanapita Zambia na kuingia Haut-Katanga yakiwa na usukani wa kulia, katika nchi ambayo watu wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Yanapochoka, mafundi wa Lubumbashi wanayapa maisha ya pili na ya tatu. Gari ambalo halifai tena kubeba abiria linaweza bado kufaa kuzunguka uwanja uliofungwa.

Mkenya kwenye theluji

Kuna anayeweza kuuliza kama ujuzi wa barafu una maana yoyote kwa Mwafrika. Februari 2022, dereva wa Kenya McRae Kimathi alijibu kwa vitendo. Alikwenda Umeå, kaskazini mwa Uswidi, kushindana katika mbio za dunia upande wa vijana, akiendesha Ford Fiesta juu ya theluji na barafu. Alitoka katika nchi ambayo barabara zake zina vumbi, mawe na matope, akakutana na matairi yenye misumari na kuta za theluji pembeni, na akafika mwisho wa mashindano.

Si ajabu kubwa kama inavyoonekana. Barafu na matope vinamtaka dereva afanye mambo yaleyale: kushika breki mapema na kwa upole, kutokanyaga mafuta kwa pupa, na gari likianza kutupa mkia, kugeuza usukani kulifuata badala ya kuganda kwa hofu. Hata unga wa theluji unaorushwa na gari la mbele unamfumba macho dereva wa nyuma kama vumbi jekundu la Katanga linavyofanya Agosti.

Uswidi na Ufini zimechukua ujuzi huo zikauingiza katika shule za udereva: anayetafuta leseni hupitishwa kwenye uwanja wa utelezi ili ajue gari linavyokataa kutii kabla halijamkataa barabarani. Bunge la Uswidi lilipitisha mwaka 1997 lengo la kutaka asife mtu hata mmoja barabarani, na nchi hiyo imebaki miongoni mwa zile zenye vifo vichache zaidi. Si mazoezi ya utelezi peke yake yaliyoleta hali hiyo. Kuna barabara bora, mikanda, vidhibiti mwendo na sheria dhidi ya pombe. Lakini dereva aliyewahi kuteleza mahali salama ana kitu ambacho dereva wa kamyo anayekutana na matope ya Januari kwa mara ya kwanza hana.

Majirani wamekwisha kuanza

Katika miaka ya karibuni, mashindano ya Afrika ya mbio za magari yamepita Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Zambia, yaani karibu majirani wote wa mashariki ya Congo. Desemba 2024, shirikisho la dunia la mchezo huo lilifanya mkutano wake mkuu mjini Kigali. Congo haikuwemo kwenye ratiba hiyo, ingawa udongo wake haupungukiwi na chochote walicho nacho majirani.

Zambia ndiyo iliyo karibu zaidi na Mokambo. Miji ya ukanda wa shaba ina desturi ndefu ya mbio hizo, na Mzambia Satwant Singh alikuwa bingwa wa Afrika mara 8. Mashindano ya namna hii yalikua pamoja na migodi, kwa sababu migodi ilikuwa na mafundi, vipuri na vilabu vya wafanyakazi. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilikuwa na migodi, mafundi na vilabu pia. Katika mpira, matunda yake yanajulikana Afrika nzima: TP Mazembe. Katika magari, mpaka umegeuka ukuta.

Kenya inatoa mfano mwingine. Safari Rally ilianza mwaka 1953 na kwa miongo mingi ilikimbiwa kwenye barabara zilizo wazi, ambako dereva wa mashindano aliweza kukutana na basi au ng'ombe. Baada ya 2002 ikaondolewa katika ubingwa wa dunia. Iliporudi mwaka 2021, ilikimbiwa karibu na Naivasha, kwenye njia zilizofungwa, nyingi zikiwa ndani ya mashamba makubwa. Mchezo uliopendwa kwa sababu ya hatari yake uliokolewa kwa kutengwa na barabara ya watu wote.

Hofu zenye msingi

Wazazi na viongozi wa shirika la raia watakaosikia wazo la mbio za magari mpakani watakuwa na maswali, na maswali hayo ni ya haki. La kwanza: je, kijana anayefundishwa kasi uwanjani hataipeleka barabarani? Hakuna anayeweza kuahidi kwamba haitatokea. Vilabu vya Ulaya hujibu kwa leseni: aliyekamatwa akishindana barabarani anaweza kufungiwa uwanjani. Adhabu hiyo ina nguvu tu ikiwa uwanja upo na kijana anaupenda.

La pili ni watazamaji. Tarehe 21 Aprili 2024, huko Diyatalawa nchini Sri Lanka, gari lilitoka njiani katika mashindano na kuingia katika umati. Watu 7 walikufa. Juu ya ziwa lililoganda, watazamaji huwekwa mbali, kwa sababu barafu yenyewe haitaki uzito wa watu wengi mahali pamoja. Mokambo haina kizuizi cha asili cha namna hiyo. Umati wa Congo husogea mbele, watoto kwanza. Bila uzio, ukuta wa udongo na askari wa kutosha, mashindano yasifanyike.

La tatu ni hospitali. Gari la wagonjwa lenye daktari huwa uwanjani kabla ya gari la kwanza kuondoka, na likiondoka na majeruhi, mashindano husimama hadi lingine lifike. Katika eneo ambalo mama mjamzito anaweza kubebwa kwa moto hadi kituo cha afya, watu watauliza kwa nini gari la wagonjwa lije kwa ajili ya michezo. Jibu linaloweza kukubalika ni moja tu: lije, na libaki.

Uwanja unaotolewa na msimu

Barafu ina tabia moja inayofaa kufikiriwa. Si mali ya mtu, hutolewa na msimu, na baada ya wiki chache hurudishwa kwa maji. Ndiyo maana vilabu vidogo vinaweza kuitumia bila kununua ardhi. Gari likizama au mafuta yakimwagika, mwenyewe hulazimika kusafisha, kwa sababu wakati wa joto samaki na maji ya ziwa hilo ni chakula cha wengine.

Lakini zawadi hiyo inapungua. Mbio za dunia za Uswidi zilifupishwa mwaka 2020 kwa kukosa theluji, na tangu 2022 zimehamishiwa Umeå, kaskazini zaidi. Minnesota, jimbo la Marekani linalojulikana kwa maziwa yake, lilipata msimu wa baridi wenye joto kuliko yote katika kumbukumbu zake kati ya 2023 na 2024, na shughuli nyingi za juu ya barafu zikafutwa.

Haut-Katanga ina msimu wake unaotoa uwanja. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hukatika na ardhi hukauka ikawa ngumu. Lakini tofauti ni kwamba mabonde tambarare yanayokauka wakati huo mara nyingi yana bustani za mboga na matanuru ya matofali. Ni shamba la mama fulani na karo ya mtoto fulani. Uwanja wa Mokambo, ukiwepo, hauwezi kuwa zawadi ya bure kama ziwa la Ufini. Utatokana na mazungumzo kati ya chifu wa kimila, msimamizi wa territoire, wenye bustani na klabu, na bei ya udongo huo italipwa na mtu.

Ndiyo sababu mahali pa kuanzia huenda si mashindano. Eneo dogo lililopimwa na kufungwa, linalotumika kwanza kuwafundisha madereva wa makamyo na wa moto namna ya kushika gari linaloteleza, lingehudumia watu wengi zaidi kwa pesa kidogo zaidi. Makampuni ya usafirishaji yanayopitisha shaba mpakani yana faida ya moja kwa moja kwa dereva asiyepindua kamyo. Magari ya zamani na kanuni ya bei vingekuja baadaye, jioni na siku za mapumziko, kwenye uwanja uleule, chini ya leseni na bima.

Jimbo likitaka kujaribu, kiangazi kimoja kinatosha kuona kama vijana watakuja na kama watatii. Kazi ya lami haitasubiri majibu. Siku barabara ya Mokambo itakapokuwa laini, mbio zitaanza zenyewe, na swali pekee litakalobaki ni kama zitakimbiwa mahali palipopimwa, au mbele ya soko.